Ziwa Liko Magharibi: Majengo ya Kigoma na Mlima Yaliposimama

Niliwahi kualikwa katika nyumba mpya iliyojengwa juu ya kilima upande wa Bangwe, hapa mjini Kigoma, mahali ambapo mtu akisimama barazani huliona Ziwa Tanganyika limetandazwa mbele yake, na siku anga ikitakata huiona hata milima ya Kongo ng'ambo. Mwenyeji wetu alikuwa ametumia fedha nyingi kwa ajili ya mandhari hiyo. Ukuta mzima wa sebule, kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa wa kioo na aluminiamu. Tulifika saa kumi alasiri. Pazia zito lilikuwa limefungwa kutoka pembe hadi pembe, feni mbili zilikuwa zikizungusha hewa ya moto, na wenye nyumba walikuwa wamehamia nyuma, karibu na jiko, ambako walitandika mkeka chini ya mwembe ulioponea chupuchupu siku ya kusafisha kiwanja. Chai tuliinywea huko. Ziwa tuliliona wakati wa kuaga, jua likiwa limekwisha kuzama na maji yamebaki rangi ya risasi.

Naitaja nyumba hiyo bila nia ya kumdhihaki mwenyewe, ambaye ni mtu mkarimu na alijenga kama wengi wetu tunavyojenga. Naitaja kwa sababu inaonyesha kosa lililomo katika namna tunavyozungumzia majengo yanayopatana na mahali yalipo. Likisemwa neno hilo, mawazo ya watu hukimbilia sura: rangi ya kijani au ya udongo, mawe ya kubandika ukutani, makuti juu ya banda la kupumzikia, bustani ya maua mlangoni. Nyumba ya Bangwe ilikuwa na vyote hivyo isipokuwa makuti. Hata hivyo haikuwa imepatana na kilima chake kwa lolote, kwa kuwa upatanifu wa jengo na mahali hupimwa kwa mwenendo wa jengo lenyewe: linafanya nini na jua linaloliangukia, na maji yanayolipitia, na mteremko uliolibeba, na udongo uliochimbwa ili lisimame. Jengo likishayajibu hayo vizuri, mara nyingi sura yake hujipatia utulivu bila kubandikwa chochote.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo lililofunga pazia lile. Kila mkazi wa Kigoma anajua kwamba ziwa liko magharibi, ila ni kama tunalisahau jambo hilo siku ya kuchora ramani. Mji uko ufuko wa mashariki. Anayeligeuzia ziwa uso wa nyumba yake ameligeuzia pia jua la alasiri. Tena jua la kwetu huchelewa. Saa za Tanzania nzima hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Kigoma iko kati ya digrii 29 na 30, na matokeo yake ni kwamba jua halifiki utosini saa sita bali karibu saa saba mchana, na kuzama kwake ni karibu saa moja jioni. Kati ya Kigoma na Dar es Salaam kuna tofauti ya takriban dakika 40 za jua, ingawa saa za mkononi zinasoma sawasawa. Kwa hiyo saa kumi, wakati wageni wanapobisha hodi, jua la Kigoma bado lina nguvu zake zote za alasiri, na kuanzia hapo linashuka kiasi cha kuupita upenu na kuingia moja kwa moja sebuleni. Chini yake kuna ziwa, ambalo kwa wakati huo hugeuka kioo cha pili na kuurudisha mwanga juu, kwenye macho ya mtu aliyeketi kwenye kochi. Upenu wa futi mbili, ambao ndio wa kawaida katika ramani nyingi, hauwezi kuzuia mwanga unaotoka chini.

Dawa yake haihitaji mtambo wowote. Tuko kusini kidogo ya Ikweta, karibu digrii 5, na hapa jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba, kila mara likiwa juu sana. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa kwa upenu wa kawaida tu. Ni kuta za mashariki na magharibi zinazoteseka. Nyumba ndefu iliyolazwa mashariki kwa magharibi, yenye ncha nyembamba upande wa ziwa, hupata joto dogo kuliko ile iliyotanua kifua chake magharibi. Na mandhari je? Mandhari huwekwa barazani. Baraza lenye kina cha mita mbili na nusu au tatu, lililowekwa kwenye ile ncha ya ziwani na kuwa na mti au miwili mbele yake iliyopunguzwa matawi ya chini, humpa mwenye nyumba ziwa lote akiwa kivulini, huku sebule iliyo nyuma ya baraza ikibaki baridi. Wazee wetu waliokuwa wakiketi nje jioni walilijua hilo. Hata Wajerumani, ambao sina haja ya kuwasifu kwa majengo waliyoyainua kwa jasho la watu wengine, walilijua: stesheni ya reli ya Kigoma, mwisho wa reli ya kati iliyofika ziwani mwaka 1914, ina kuta nene na matao yanayotupa kivuli mbele ya milango, na abiria wa leo anayesubiri treni hukaa palepale chini ya kivuli hicho.

Lakini jua ni jambo jepesi. Mtu akikosea jua atanunua pazia. Akikosea mteremko, atakayelipa huenda akawa jirani.

Kigoma ni mji wa miteremko, na sehemu kubwa ya ramani tunazozitumia zilichorwa kwa ajili ya viwanja vya tambarare. Siku hizi mtu huletewa ramani ya vyumba vitatu kwenye simu, anaipenda kwa sababu ya picha yake, anaichapisha, anampa fundi, na kazi ya kwanza ya fundi inakuwa kuulazimisha mlima uwe meza. Hebu tupige hesabu ndogo. Chukua mteremko wa moja kwa nne, ambao Kigoma si mkali wa kutisha, na nyumba yenye kina cha mita 12 na upana wa mita 10. Kati ya ukuta wa juu na ukuta wa chini kuna tofauti ya mita 3, yaani kimo cha chumba kizima. Ukitaka sakafu moja iliyolala sawa kwa kufuata usawa wa ukuta wa chini, utachimba kabari ya udongo ya mita za ujazo 180. Sasa igawe nyumba hiyohiyo katika ngazi tatu, kila moja yenye kina cha mita 4, kila moja imepanda mita 1 juu ya mwenzake: utachimba mita za ujazo 20 mara tatu, jumla 60. Umeokoa theluthi mbili za udongo kwa kukubali ngazi mbili fupi za vidato sita sita ndani ya nyumba. Na ule ukuta wa kuzuia udongo wa mita 3, ambao ungekula nondo na zege kuliko chumba chochote, umegeuka kuwa kuta tatu za kimo cha kiuno.

Najua pingamizi litakalokuja hapa, nalo ni la haki: wazee na wagonjwa hawapendi ngazi. Basi jiko, choo na chumba cha mzee viwekwe kwenye usawa mmoja na mlango wa nje, na vijana wapande.

Somo la ukuta sisi tulililipia wenyewe. Katika nyumba ya familia yetu, iliyo kwenye mteremko, mtu aliyepewa kazi alikata mlima nyuma ya nyumba na kuinua ukuta wa matofali ya saruji, akaupiga lipu vizuri na kuupaka rangi. Ulipendeza sana. Hakuacha hata tundu moja la kutolea maji, na nyuma yake alijaza kifusi kilekile alichokichimba. Masika ya kwanza ulitoa jasho, yaani lipu ilipata mabaka ya unyevu ambayo tuliyapaka rangi tena. Masika ya pili ulianza kutumba katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba, na ufa ukakimbia kwa mshazari kutoka pembe ya juu. Tukamwita fundi mwingine, mzee wa makamo ya kustaafu, ambaye hakusema neno kwa dakika nzima. Aliokota kipande cha nondo, akakipenyeza kwenye ufa kwa nyundo, akakichomoa. Maji ya kahawia yakachuruzika, kisha yakaruka kama bomba lililopasuka, yakaendelea hivyo mpaka tukachoka kuyatazama.

"Mwanangu," aliniambia, "udongo mkavu unajikalia. Anayesukuma ukuta ni maji."

Aliubomoa wote. Ule alioujenga badala yake una mawe yaliyopangwa, umelala kidogo kuelekea mlimani, una kokoto nyuma yake na vipande vya bomba vilivyoachwa wazi kila baada ya mita moja na nusu hivi. Ni mfupi kuliko wa kwanza, na juu yake mlima umekatwa kwa ngazi ndogo zilizopandwa majani ya kushika udongo. Hauna lipu, na ndani ya miaka michache umeota kuvu na majani mpaka mgeni hudhani ulikuwapo kabla ya nyumba. Hakuna aliyekusudia urembo huo. Umekuja wenyewe kwa sababu ukuta unafanya kazi ambayo mlima unaielewa.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao katika mazungumzo ya usanifu hutajwa mara chache, nao ni mtu anayekaa chini. Chini ya eneo moja lililopata nyumba nyingi mpya kwa mfululizo, namfahamu mama mmoja ambaye kila masika huegemeza koleo kwenye mlango wa jiko lake. Siku niliyompitia kumwamkia, alikuwa akikwangua tope jekundu lililoingia usiku na kujaa hadi kimo cha kifundo cha mguu, akilitupa kwenye karai, karai baada ya karai. Nilimpa pole. Alinijibu kwamba zamani mvua ilikuwa ikimletea maji, sasa inamletea kiwanja. Alisema hivyo pasipo kucheka, akaendelea na koleo lake.

Maji hayo yanahesabika. Paa la mita za mraba 120, ambalo ni la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, likinyeshewa mvua ya milimita 20 kwa usiku mmoja, hukusanya lita 2,400. Kwa mwaka, katika mji unaopata takriban milimita 1,000, ni lita kama 120,000. Kabla ya nyumba kuwapo, maji hayo yaliangukia majani, yakatambaa, yakazama. Baada ya nyumba yanashuka kwa mkupuo mmoja kutoka pembe ya bati, yanaangukia ua uliosakafiwa, yanatafuta njia, na njia ni kwa mama mwenye koleo. Mwenye nyumba huyohuyo, ikifika Agosti, hununua maji ya madumu. Mtu angedhani kwamba tangi la kukusanyia maji ya paa lingekuwa jambo la kwanza katika kila ramani ya Kigoma, kwa kuwa linatatua shida za watu wawili kwa wakati mmoja, lakini gata na tangi huachwa mwisho kabisa, baada ya geti, na mara nyingi fedha huishia kwenye geti. Nyumba za kuficha bati, ambazo zimekuwa mtindo, zimeongeza tatizo: paa limezungushiwa ukuta, maji ya mvua kubwa yanalundikana ndani yake yakisubiri tundu moja au mawili, na tundu likizibwa na majani ya mwembe, dari ndiyo inayopokea. Beda Amuli, msanifu wa soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970, alipotaka paa la zege lisilo la kawaida alilipa maumbo ya faneli kubwa zinazotia kivuli, kupitisha hewa na kupokea maji ya mvua kwa makusudi. Umbo lilizaliwa na mvua. Sisi tunazaa umbo kwanza, kisha tunashangaa mvua ilitoka wapi.

Udongo unaompita yule mama haukomei jikoni kwake. Unaingia mferejini, unaingia kijitoni, unaingia ziwani, na Ziwa Tanganyika si dimbwi la kupokea takataka. Lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu kabisa, na lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani. Sehemu kubwa ya samaki hao huishi karibu na ufuko, kwenye mawe, ambako wengine hula mwani unaoota juu ya mawe na wengine hutagia kwenye nyufa zake. Tope likitua juu ya mawe, mwani unakosa mwanga na nyufa zinazibika. Kwa hiyo zile mita za ujazo 180 zilizosukumwa pembeni na katapila, zikaachwa bila kufunikwa mpaka masika, zina anwani zinakokwenda. Mchoro wa nyumba huishia kwenye uzio wa kiwanja, ilhali nyumba yenyewe, kwa maana ya athari zake, inaishia kwenye mawe yaliyo chini ya maji.

Mfano wa mbali ninaoupenda kuliko mingine uko Sri Lanka, na naupenda hasa kwa sababu unavunja dhana ya makuti. Msanifu Geoffrey Bawa aliombwa kubuni hoteli katika eneo la mwamba mashuhuri wa Sigiriya. Alikataa kujenga chini ya mwamba huo. Alichagua mahali pa mbali, kwenye jabali lililo kando ya bwawa la Kandalama, ambako mwamba unaonekana kwa mbali ng'ambo ya maji. Mradi ulipingwa vikali na watu waliohofia mazingira yao, na hofu yao ilikuwa na maana. Hoteli ilikamilika mwaka 1994. Ina urefu wa karibu kilomita moja, lakini ni nyembamba, imeegemea jabali na kulifuata linavyojikunja, na sehemu zake zimeinuliwa juu ya nguzo ili maji yanayoshuka kutoka mwambani yapite chini yake na kuendelea na safari. Ni jengo la zege. Halina nakshi ya kuiga msitu. Lina fremu za kawaida ambazo mimea imeachiwa izipande, na leo mtu akitazama kutoka upande wa maji hupata shida kuona wapi jengo limeanzia.

Kutoka hapo nachukua mambo mawili. La kwanza ni lile la nguzo na maji, ambalo kwenye vilima vyetu linawezekana hata kwa nyumba ndogo: nusu ya nyumba ikae ardhini upande wa mlimani, nusu ya pili ibebwe na nguzo au na kuta fupi za mawe, na chini yake pawe stoo, banda la kuku, tangi la maji au kivuli tu. La pili ni kule kukataa kujenga juu ya kitu kilekile unachokipenda. Sisi tukilipenda ziwa tunataka kulala nalo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye maji kuwa eneo lisilopaswa kuwa na shughuli za kudumu au zinazoweza kuliathiri, na kila mtu anajua jinsi mita hizo zinavyopimwa kwa hatua ndefu. Lakini hata zikipimwa kwa uaminifu kuna jambo la kufikiri. Mita 60 hupimwa kwa kulala, wakati ziwa husogea kwa kupanda. Kwenye ufuko wenye mwinuko wa moja kwa hamsini, kama zilivyo baadhi ya sehemu za bapa, mita 60 humpa mtu kinga ya mita 1 na sentimita 20 tu juu ya maji, na ziwa hili limewahi kupanda na kushuka zaidi ya hapo. Katika miaka ya 1870 maji yake yalikuwa juu sana kuliko sasa, kisha yakashuka baada ya mto Lukuga, ambao ndio mlango wake pekee wa kutokea, kufunguka upande wa Kongo. Ndiyo sababu kumbukumbu ya Livingstone na Stanley pale Ujiji, walipokutana mwaka 1871, leo iko mbali na ufuko. Na ilipofika mwaka 2020 na baadaye, maji yalipanda tena yakaingia katika majengo ya ufukweni hapa Kigoma, kama yalivyoingia Bujumbura na Uvira. Waliopata hasara waliambiwa kwamba ziwa limewavamia. Kwa hesabu ya muda mrefu, ziwa lilikuwa limerudi mahali lilipowahi kukaa. Msanifu makini wa ufukweni angeuliza alama ya juu ya maji kabla ya kuuliza rangi ya paa, na angeipima kwa kimo.

Kuhusu vifaa vya ujenzi nitapita kwa haraka, kwa sababu naona mjadala wake umepewa uzito kuliko unavyostahili. Makuti yanayoezekwa kwenye mabanda ya starehe ni ya mnazi wa pwani, na kutoka Dar es Salaam hadi hapa reli ina urefu wa kilomita 1,252. Sioni uenyeji wake. Tembe la Kwihara kule Tabora, ambalo Livingstone na Stanley walikaa, na ambalo leo ni makumbusho, lina kuta nene na paa bapa la udongo, nalo limetulia vizuri kwa kuwa Unyanyembe, eneo la Tabora ilipo Kwihara, ni tambarare na nyumba inaweza kutanuka kuzunguka ua. Ukilileta tembe hilo kwenye kilima cha Kigoma utalazimika kukata nusu ya mlima ili upate ua. Waha walijenga misonge: duara dogo, paa la nyasi lililoshuka karibu na ardhi, alama ndogo kwenye mteremko. Sisemi turudi kwenye misonge. Nasema kwamba hata majengo ya asili yalitofautiana kwa sababu ardhi zilitofautiana, na anayeokota sura ya asili popote na kuibandika popote anafanya lilelile la mwenye ramani ya simu.

Tofali la kuchoma ndilo linalonisumbua zaidi, maana uzuri wake mwekundu umechomwa kwa kuni za miombo. Matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza, hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila moto, na rangi yake hubaki ya udongo wa mahali. Yanahitaji kukingwa na mvua ya pembeni, na hapo ndipo kazi ya msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso inapofaa kusomwa. Shule yake ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ina kuta za matofali ya udongo yaliyoongezwa saruji, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari na kutokeza mbali nje ya kuta. Hewa ya moto hutoka katikati ya dari na bati, na mvua haifiki ukutani. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya usanifu ya Pritzker. Bati lake ni bati hilihili letu. Kilichobadilika ni mahali alipoliweka.

Nikiulizwa nani aanze, sitaanza na mwenye nyumba. Nitaanza na upimaji wa viwanja. Mistari ya mraba ikilazwa juu ya kilima bila kujali kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, barabara hushuka wima na kugeuka mito wakati wa masika, na kila mnunuzi hupewa kiwanja kirefu cha kupanda, ambacho karibu kinamlazimisha kukata. Viwanja vipana kwa kufuata kontua, hata vikiwa na eneo lilelile, vingefanya nusu ya kazi ya msanifu kabla hajaitwa. Baada ya hapo, mchoro unaoombewa kibali cha ujenzi katika maeneo ya mteremko ungetakiwa kuonyesha vitu viwili ambavyo havigharimu chochote kuvichora: mkato wa ardhi ikitazamwa kwa ubavu, ilivyo na itakavyokuwa, na mshale wa maji ya paa mpaka yanapoishia. Mshale huo ukiishia kwenye uzio wa jirani, mchoro urudi.

Kontua zenyewe hazihitaji mtaalamu wa mbali. Mwaka huu ndugu yangu amepata kiwanja juu kidogo ya Mwanga, hapahapa Kigoma, na asubuhi moja tulikwenda na yule fundi mzee wa ukuta. Alikuja na mpira wa maji unaopitisha mwanga, wa mita 20, kamba, na vigingi alivyovichonga mwenyewe. Mmoja wetu alishika ncha moja ya mpira kwenye kigingi, mwingine akatembea na ncha ya pili akipanda na kushuka mpaka maji yalipotulia kwenye alama, na pale fundi akagonga kigingi kingine. Tulifanya hivyo safu kwa safu, kila safu mita moja juu ya iliyotangulia. Kufikia saa sita mlima ulikuwa umejiandika: safu zilikaribiana upande wa kusini, zikaachana upande wa kaskazini, na katikati zikajikunja kwa ndani mahali ambapo ndugu yangu alikuwa amepanga kuweka sebule. Fundi aliinama, akagusa majani ya hapo, ambayo yalikuwa mabichi kuliko mengine ingawa kiangazi kilikuwa kimeanza.

"Hapa maji yanapita," alisema. "Hata usipoyaona."

Ndugu yangu alitoa simu akaitazama ile ramani, kisha akaanza kuhesabu hatua kuelekea kaskazini, ambako safu zimeachana na kuna miembe miwili ya zamani. Fundi aliomba vigingi vinne zaidi kwa ajili ya shimo la tangi. Vilikuwa vimekwisha, tukakata vingine kwenye tawi lililokauka.